Mkoba wa Pimbi na Mashavu ya Nyani

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa jiwe."

"Jiwe gani?"

"Jiwe la kukaa."

"Akae nani?"

"Nyamazeni niwaambie."

Na wewe shemeji yangu Shaweji, pamoja na ndevu zako hizo, weka simu chini. Najua unachocheza. Ni ule mchezo wa mchawi anayeingia mapangoni kuokota dhahabu. Jana nilikusikia ukilalamika kwamba mchawi wako kabeba mapanga, ngao na masufuria mpaka hawezi kutembea, kasimama katikati ya pango kama punda aliyegoma, na joka linakuja. Watoto wakanong'ona kwamba shemeji anaumwa. Mimi nikasema haumwi, hajasimuliwa tu.

Basi hapo kale, mawe yalipokuwa bado laini, palikuwa na Pimbi. Pimbi mnamjua, yule mnyama mdogo wa majabali, mnene, masikio mafupi, mkia hana. Huyu wangu alikuwa mganga. Hakuwa mganga wa kutisha watu. Alikuwa na mkoba wa ngozi shingoni, na ndani ya mkoba dawa, na kichwani maneno. Ukipatwa na kwikwi, alikutolea. Moto wako ukizimika, aliuambia neno, ukawaka. Na kwa kuwa nchi ile mito yake ilikuwa na dhahabu mchangani, watu walimlipa chenga za dhahabu.

Pimbi aliishi na wanawe katika ufa wa Jiwe Kubwa. Humo alizaliwa yeye, na mama yake, na bibi yake. Siku moja akaja Nyani. Akapanda juu ya jiwe, akakaa, akajikuna, akasema jiwe ni lake. Pimbi akamuuliza kwa adabu ni lake tangu lini. Nyani akajibu kwamba tangu alipolikalia.

Mtafanya nini? Nyani ana meno. Nyani ana mikono. Pimbi akatibu, Nyani akachukua. Pimbi akapata chenga, Nyani akachukua. Nyani akatia shavuni, akasema bado. Mwishowe akatangaza kwamba mvua za masika zikianza, Pimbi awe amemletea dhahabu ya kujaza mashavu yote mawili, la sivyo ahame na wanawe.

Hapo Pimbi alilia, tusimsingizie ushujaa. Mtoto wa pimbi hana ubavu wa kustahimili baridi. Akinyeshewa nje, mama yake asimtafute tena. Na mawingu yalikuwa yameshaanza kujikusanya upande wa mlimani.

Alipomaliza kulia akapangusa pua, akaenda kwa Nyani. Akamwambia kwamba liko pango lenye dhahabu isiyopimika, na kwamba yeye peke yake hawezi kubeba ya kutosha. Waende wote wawili. Atakayetoka na dhahabu nyingi, jiwe ni lake. Atakayetoka na kidogo, ahame.

Nyani akamtazama Pimbi, kale kamkono kake, kale kamkoba. Akacheka, kwa-kwa-kwa, mpaka akashika mti. Akaita Kanga, akaita Kobe, akaita mijusi yote ya pale jiweni, wawe mashahidi.

"Ila nikuambie kabisa, Bwana Mkubwa," Pimbi akasema, "mlangoni anakaa Bibi Zimwi. Ukimpita bila kumwamkia, anakula."

"Salamu tu?"

"Salamu tu."

"Salamu ni bure," akasema Nyani, akaenda zake kulala.

Pimbi hakulala. Aliufungua mkoba wake akaumwaga chini. Ee, aibu iliyoje. Mna dawa ya kuumwa na chatu aliyoitunza tangu ujana, hakuitumia hata siku moja, akisema isije ikahitajika. Mna mkia wa mjusi, hakumbuki wa nini. Mna vyura wakavu, mna vibuyu vitupu, mna jiwe alilolipenda tu kwa rangi yake. Waganga ndivyo walivyo, na wachawi wa kwenye simu ndivyo walivyo, wanafia pangoni na dawa zote ziko mkobani.

Akashika kimoja kimoja, akakiuliza, "Umenifaa lini?" Kikanyamaza. Akakitupa. Akashika kingine. "Umenifaa lini?" Kikanyamaza. Akakitupa. Dawa ya chatu ilimuuma sana kuitupa, lakini nayo ilinyamaza. Mkoba ukabaki mwepesi.

Asubuhi wakaenda. Njia ikapanda, wakapanda. Njia ikashuka, wakashuka. Wakafika. Bibi Zimwi alikuwa amekaa mlangoni juu ya kigoda, mzee wa zamani, macho yamefifia, kucha kama mundu. Nyani akatupa shikamoo huku miguu imeshaingia ndani. Pimbi akasimama, akaamkia, akaitikiwa marahaba, akaomba ruhusa.

"Chukueni mnachoweza kubeba," Bibi Zimwi akasema. "Lakini kinachoanguka mlangoni kwangu ni changu. Na mkitoka msinipite kimya. Nimechoka kupitwa kimya."

Pimbi akamsogelea sikioni. Akamnong'oneza kwamba yule mwenzake ni mtu wa ukoo mkubwa, jamaa wengi, na hakuna anachokipenda duniani kama kuulizwa habari zao, mmoja mmoja. Na kupeana mikono anapenda. Ila ana haya, hawezi kusema mwenyewe.

"Maskini," akasema Bibi Zimwi. "Nitamuuliza wote."

Ndani giza totoro. Pimbi akatoa kijinga, kijiti cha kuwashia moto, akaimba:

*Waka, kijinga, waka,*
*giza lina mwenyewe,*
*sisi twapita tu.*

Kijiti kikawaka, pwaa. Lo, vitu hivyo. Masinia, mabirika, ngao, bangili, sarafu, vyote vinang'aa, dhahabu na shaba vimechanganyika kama mchele na mawe.

Nyani akaona sinia. "Langu." Akalitia kwapani. Akaona birika. "Langu." Akainua mkono alitie kwapani, sinia likaanguka, kang'ara! Akaokota sinia, birika likaanguka, kong'! Akaokota birika, sinia likaanguka, kang'ara! Mnacheka. Mmesahau anavyoiba mahindi shambani? Ndivyo hivyo, kwapa moja, mahindi mia, na nyumbani anafika na moja. Lakini siku ile tamaa ilimfundisha. Akabana sinia kwapa hili, birika kwapa lile, hakuinua mkono tena. Ngao akaibana mapajani. Sarafu za dhahabu akajaza shavu la kulia, akajaza shavu la kushoto, mpaka macho yakabaki mistari.

Pimbi yeye alikuwa anapiga ukucha. Anapiga bangili, ko. Shaba hiyo, anaiacha. Anapiga pete, ngiii. Dhahabu hiyo, anaitia mkobani. Anapiga kikombe, ko, anakiacha. Anapiga mkufu, ngiii, anautia. Ukamba wa mkoba ulipoanza kumkaba shingo, akaacha. Nafasi ilikuwapo bado. Aliiacha makusudi, kwa kuwa mlima wa kurudi anaupanda yeye, hana wa kumbebea.

Wakatoka. Pimbi mbele, mikono mitupu, mdomo mtupu, mkoba shingoni.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umepata?"

"Nimepata, Bibi, nashukuru." Akatoa mikono yote miwili. Akapiga goti. Akaulizwa habari za watoto, akajibu kwamba hawajambo ila anawahofia na mvua. Akaulizwa habari za mkoba, akajibu kwamba ni mzito kiasi. Akapita. Hakuna kilichoanguka.

Nyuma yake Nyani, anatembea kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Mjukuu wangu, umetoka?"

"Mmh."

"Nipe mkono."

Nyani akatazama kucha. Akatoa mkono. Kang'ara! Sinia chini.

"Mkono mmoja? Mzee hapewi mkono mmoja."

Akatoa wa pili. Kong'! Birika chini.

"Piga goti nikuone uso."

Akapiga goti. Ngao nayo, bwata!

"Haya. Mama hajambo?"

"Mmh."

"Mmh ndiyo nini? Hajambo au amekufa?" Na ukucha ukamgusa Nyani kisogoni, polepole, kama mtu anayechagua nyanya.

Kili-kili-kili-kili. Shavu la kulia likamwagika lote.

"Hajambo, Bibi."

"Na baba?"

"Hajampho."

"Mbona baba unamtaja kwa shida? Mmegombana?"

Kili-kili-kili. Shavu la kushoto.

"Hatujagombana, Bibi. Hajambo kabisa."

Nyani akainama kuokota. Bibi Zimwi akaweka mguu juu ya sarafu, akamkumbusha sharti. Kisha akaendelea. Shangazi? Hajambo. Mjomba? Hajambo. Mjomba yule mwingine, wa upande wa mkia mfupi? Hajambo naye. Jua likasogea, Nyani anajibu. Jasho likamtoka, Nyani anajibu. Alikuwa tayari kusema neno lolote ili aachwe aende, na neno lililomjia ni lile tunalolisema sote tukitaka kuondoka.

"Basi, Bibi, karibu nyumbani."

Bibi Zimwi akazikunja kucha zake. Tangu aanze kula watu, hakuna mtu aliyewahi kumkaribisha. Chozi likamtoka, moja, la kujaza bakuli.

"Nyumbani wapi, mjukuu wangu?"

"Jiwe Kubwa," akasema Nyani. Angesema nini?

"Nitakuja Ijumaa."

Wakarudi. Mashahidi walikuwa wamejipanga. Pimbi akafungua mkoba, pete, mkufu, pete, vikang'aa juani. Nyani akafungua mikono, hamna. Akafungua mdomo, hamna. Katika manyoya ya mkia palikuwa pamenasa kijiko kimoja cha shaba. Kanga akakitazama, akageuka pembeni, mabega yanamtikisika.

Lakini Nyani akapanda tena juu ya jiwe. Alikaa palepale akaonyesha meno.

"Sihami. Nani atanihamisha?"

Hapo palikuwa pagumu, nisiwafiche. Mijusi ikaingia mashimoni, Kobe akaingia ndani ya gamba lake. Tone la kwanza la mvua lilianguka, ta, juu ya kichwa cha mtoto wa mwisho wa Pimbi, akaanza kutetemeka. Pimbi akamkumbatia.

"Hakuna wa kukuhamisha, Bwana Mkubwa," akasema. "Kaa tu. Mimi nitajibanza kwa jirani. Nilitaka kuuliza jambo moja. Ijumaa mgeni wako unampikia nini?"

Nyani akafunga meno.

"Kwani yeye anakula nini?" akauliza, sauti imepungua.

"Mimi namjua kwa kula walioshindwa kumwamkia. Chakula kingine sijamwona nacho. Lakini wewe ndiye mwenyeji, utajua."

Nyani akatazama jiwe. Akatazama njia. Akasema kwamba amekumbuka ana mjomba anaumwa, yule wa mkia mfupi, na lazima akamwone. Jioni ile hakuwapo. Hata kijiko hakukumbuka kukichukua.

Ijumaa nchi ikatikisika, tu, tu, tu. Bibi Zimwi huyo, amejitanda nguo safi, kaacha kigoda mlangoni pa pango. Pimbi akampokea, akamwambia mwenyeji wake amepatwa na dharura ya ugonjwa katika ukoo. Akamwandalia uji wa mtama kwenye mtungi mzima. Bibi Zimwi akanywa, akauliza habari za watoto mmoja mmoja, kwa majina. Nje mvua ya masika inapiga, shaa, shaa, na ndani ya ufa watoto wa Pimbi wamelaliana wakavu, wanakoroma.

Ngano imefika kwake. Aliyeipenda aniletee maji, koo limenikauka. Asiyeipenda ayachote.

Mnataka fundisho? Fundisho ni kwamba adabu ni hasara tupu. Hebu mhesabieni Nyani. Alitoa mikono miwili, alipiga goti, alijibu habari za ukoo mzima, akamkaribisha mzee nyumbani. Adabu gani aliyoikosa? Akapoteza dhahabu, akapoteza na jiwe. Kwa hiyo wanangu, siku mkipata mali, msimwamkie mtu.

Haya inukeni, mkacheze. Na wewe unayepita pembeni na shavu limevimba, kashata zangu zilikuwa kwenye sahani. Njoo uniage.