Jina la Maharage ya Tangini

Tegeni masikio, niwape watu watatu wasiopikika chungu kimoja. Mama Ndewirwa alijua mbegu. Fundi Kileo alijua chuma. Aikaruwa, binti aliyetoka chuoni juzi, alijua hewa.

Mkuu wa kituo cha utafiti aliwaita mlimani waoteshe maharage ndani ya tangi lililofyonzwa hewa, ikabaki haba kuliko ile ya kileleni, ili siku moja wasafiri wa angani wapate cha kula. "Yakizaa," akaahidi, "yataitwa kwa jina la mmoja wenu. Mmoja tu."

Ndewirwa akacheka kwa pua. La nani tena, kama si lake?

Mbegu za mjini zilioza bila kuchipua. Pumzi ya humo haikuzitosha. Ndewirwa akafungua fundo la kanga, akatoa maharage aliyoyachagua kwa miaka ishirini katika shamba la juu kabisa mlimani. Siku ya tisa yakachipua. "Mbegu haisomi cheti," akawaambia.

Siku ya ishirini tangi likapasuka ufa, hewa ya nje ikaingia kwa mluzi. Ikijaa, kazi yote bure. Kileo akauziba kwa kiganja, mkono wa pili ukikata mpira wa tairi wa kubandika. Kiganja kikavilia damu. Ndewirwa akabetua midomo: "Shujaa wa kuziba sufuria!"

Wiki iliyofuata majani yakanyauka. Ndewirwa akaamuru maji.

"Mizizi imelowa chepechepe, mama," akasema Aikaruwa. "Hewa hii nyembamba ndiyo inayokausha majani." Akaingiza mvuke tangini, kufikia adhuhuri majani yalikuwa yamesimama.

"Mvuke!" Ndewirwa akafyonya. "Hata chungu cha makande kinautoa." Lakini moyoni alijua: maji yake yangeyaozesha maharage.

Maharage yakazaa, maganda kumi na moja. Mkuu akaleta kibao na chaki.

"Andika Ndewirwa," akasema mwenye mbegu. "Hawa walikuwa vibarua wangu."

"Ungeziotesha wapi, mama? Kwenye kopo?" akauliza Kileo.

"Na nyote mngevuna majani makavu," akasema Aikaruwa.

Ndewirwa akazikomba punje zote, akazifunga kangani. Kileo akachomoa mpini wa pampu ya kufyonza hewa. Aikaruwa akalikalia daftari la vipimo vya mvuke. Wakatazamana kama watu walionusa uvundo, kibao kikiwa kitupu, na msimu wa pili wa kupanda ukawasubiri.

Haya, chaki ninawapa ninyi mliosikia. Mngeandika jina la nani?