Kijitabu cha Shax

Je, umewahi kumwona mwenye njaa akiwapakulia wenzake, na akiulizwa anajibu kwamba ameshiba? Huyo haponzwi na chungu kitupu, huponzwa na ulimi wake. Ndiyo maana wahenga walisema, mficha uchi hazai.

Mwaka 1994, mjini Garissa, aliishi mjane mmoja mpiga chapa aitwaye Ardo. Kila siku baada ya sala ya alasiri, yeye na marehemu mumewe Yarrow walikuwa wakicheza shax, mchezo wa Kisomali: kete kumi na mbili kwa kila mmoja, juu ya miraba mitatu iliyochorwa mchangani, mmoja ndani ya mwingine. Yarrow alipofariki, Ardo aliendelea kufagia ua akiizunguka miraba ile, asiifute. Ua ukawa kimya kama kisima kilichokauka.

Siku moja akaamua kuandika kijitabu cha sheria za mchezo huo.

"Ni kwa ajili ya watoto, wasije wakausahau," aliwaambia majirani. Moyoni alikuwa na lake.

Stensili ya kwanza, ile karatasi ya nta inayochongwa maandishi ili wino upenye, aliipamba haswa. Pembezoni alichora maua ya hina, miraba akaijaza weusi tititi, maneno akayabana kama mbuzi ndani ya lori. Sabirin, msichana aliyeendesha mashine ya kurudufu, aliguna.

"Eddo," alisema, maana alimheshimu kama shangazi yake, "hiki ni kitabu au mkono wa bibi harusi? Stensili haipendi weusi mwingi. Itapasuka."

"Wewe zungusha mpini tu."

Akazungusha. Stensili ikachanika, wino ukavuja, karatasi zikatoka zimeshikana, nyeusi kama masizi.

"Wallahi, hapa tumechapa giza!" Sabirin akacheka.

Ardo akaanza upya, polepole. Safari hii alichora mistari myembamba, akaacha pambizo nyeupe, na kila sheria akaipa aya yake. Karatasi ya katikati aliiachia miraba peke yake, ili mtu aitandaze chini na kucheza juu yake. Zikatoka nakala arobaini, safi kama maziwa. Akazigawa zote.

Alasiri ile alitandika mkeka, akapanga vijiwe vya kete, akamimina chai vikombe viwili. Akangoja. Nyua za jirani zilijaa vicheko na kelele: "Tatu zimepangana mstari mmoja! Toa kete yako!" Kwake hakuna aliyebisha hodi. Kijitabu kilieleweka mno, hivyo hakuna aliyehitaji mwalimu. Siku nne mfululizo alimwaga kikombe cha pili, kimepoa.

Siku ya tano Sabirin alileta zile stensili zihifadhiwe. Akaviona vikombe viwili na vijiwe.

"Una mgeni, eddo?"

"Mgeni wa wapi?"

"Basi wewe unacheza na nani?"

"Mimi? Aa, michezo ni ya watoto."

Sabirin akaaga. Alikuwa ameshika komeo la mlango sauti ilipomfikia, nyembamba, kama ya mtu aliyekaa siku nyingi bila kusema.

"Sabirin! Sikuwaandikia watoto. Nilitaka mtu wa kucheza nami."

Msichana akarudi, akavua ndala, akaketi mkekani.

"Ungeandika hivyo ukurasa wa kwanza, eddo. Nafasi nyeupe ilikuwepo tele."

Ardo akamsogezea kikombe cha pili, kingali cha moto. Kweli, mficha uchi hazai.