Risasi Tatu za Arobaini ya Bi Somoe

Sogeeni. Mwenye kinyaa akae karibu na mlango, maana kisa hiki kina harufu, nami sina nia ya kuifunika.

Kijiji cha Nahimba, kando ya pori, kilikuwa na mzee aitwaye Lihumbe. Alikuwa mwindaji hadi macho yalipoingia ukungu, akabaki na kisu cha kuchuna. Alikuwa na wapwa watatu. Mtopa alikuwa na shabaha. Likwati alikuwa na mbio, mnyama hajageuka yeye keshafika ubavuni. Chande alijua kufuata nyayo kutwa nzima bila kuomba maji. Kwa desturi ya kwao mali ya mjomba humwendea mpwa, na mali ya Lihumbe yenye maana ilikuwa moja tu, bunduki yake.

Mkewe, Bi Somoe, alipofariki, mzee aliapa kaburini watu wakisikia: "Mpwa atakayeniletea kitoweo cha arobaini ya Somoe, bunduki yangu ni yake."

Kibali kikatoka cha nyumbu dume mmoja. Wapwa wakapewa bunduki za kijiji, ila risasi kila mtu achague mwenyewe. Mzee akawausia, "Nyumbu ana roho ngumu. Chukueni risasi nzito yenye ncha laini, mmoja wenu ampige begani, mara moja, basi."

"Ndiyo, mjomba," wakaitikia wote. Halafu kila mmoja akafanya lake.

Alasiri wakarudi na nyumbu juu ya mkokoteni, wanaimba. Lihumbe akanoa kisu, akaanza begani. Akakuta tundu dogo la kuingilia na tundu dogo la kutokea, na mfupa umevunjika kati.

"Hiyo yangu," alisema Mtopa. "Risasi ya nyati, mjomba, ngumu tupu. Imepita moja kwa moja!"

"Nyumbu na nyati wapi na wapi? Imepita bila kufanya kazi. Akasimama?"

"Alikimbia kwa miguu mitatu. Ila bila mimi angekuwa na minne, angevuka mto akaingia hifadhini, tungemwangalia tu."

Mzee akashusha kisu. Akapasua tumbo, na hapo harufu ikamrudisha nyuma hatua mbili. Utumbo ulikuwa umechanika vipande, mavi yamesambaa hadi mapajani, na ndani ya mnofu vibanzi vya risasi vilimkwaruza vidole. Lihumbe alikuwa amechuna miaka arobaini. Siku hiyo alitapika.

"Hiyo yangu," alisema Likwati, bila haya. "Nyepesi, ina kasi ya ajabu, ikigusa inapasuka. Nilimfyatulia kwa nyuma akiwa mbioni."

"Umempiga tumboni, Likwati! Hii ni nyama au jalala?"

"Risasi ya Mtopa haikumwaga hata tone, mjomba. Damu na uchafu aliodondosha ndivyo tulivyofuata. Bila mimi mngekuwa mnamtafuta mpaka sasa."

Mzee akanawa, akahamia shingoni. Chini kidogo ya ngozi akaokota risasi nzima, imelala kwenye msuli, haikuingia hata nusu kidole.

"Hiyo yangu," alisema Chande. "Nilizifukia kwenye kopo, masika matatu. Baruti imepoa kidogo."

"Imepoa? Heri ungemrushia jiwe."

"Lakini nilifuata nyayo kwa muda wa saa sita, mjomba. Nikamkuta amesimama, anatetemeka. Risasi ikamwangusha, amezimia, bado anapumua. Nikamwahi kwa kisu, nikapiga bismillahi. Wenzangu walikuwa mbali. Bila mimi angekuwa mzoga, na arobaini haili mzoga."

Saa sita! Lihumbe akamtazama yule dume, ulimi nje, povu limekaukia puani. Amekufa mara tatu kwa ajili ya Somoe, mwanamke ambaye akikuta kibanzi cha risasi kwenye mchuzi alikuwa anasukuma sahani na kukaa na njaa. Mzee alichukizwa na mkokoteni, na nyimbo zao, na kiapo chake mwenyewe.

Nyama safi ilijaa sufuria mbili. Iliyobaki ikachimbiwa shimo, na wageni wa kesho walikuwa mia na ushei. Wapwa hawakuuliza wageni watakula nini. Walikuwa wanagombana.

"Mimi nilimzuia!"

"Mimi nilimwonyesha njia!"

"Mimi nilimhalalisha!"

"Kelele!" alifoka mzee. "Mnanitia kichefuchefu, wote watatu."

Dada yake mkubwa, mama yake Chande, akamsogelea taratibu. "Ndugu yangu, kitoweo kimefika, kichache au kingi. Uliapa juu ya kaburi la mkeo. Usimtie Somoe katika kiapo cha uongo."

Lihumbe akaingia ndani, akatoka na bunduki. Ilikuwa safi, imepakwa mafuta. Ambaye angeipokea ndiye angewinda nayo miaka yote iliyobaki. Mikono mitatu ikanyooka mbele yake kwa pamoja, na ule wa Likwati ulikuwa bado na mavi kwenye kucha. Mzee alibaki ameishikilia, na mimi nimemwacha palepale.

Basi semeni, mlioketi hapa. Ingekuwa wewe, ungeiweka katika mkono upi? Na ukisema hakuna hata mmoja, kesho ukisimama kaburini, utamwambia nini Bi Somoe?