Mbuzi wa Korbesa, Amechinjwa Leo

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wahenga waliosema hivyo hawakuwahi kuona duka la nyama lenye kipaza sauti, lakini walijua walichokisema. Kitu kizuri hakina haja ya kupigiwa debe. Wanaokitaka hukifuata wenyewe. Kibaya ndicho kinachozunguka mitaani kikijisifu mpaka sauti ikauke. Ukiyatilia shaka haya, nenda mjini Isiolo ukamwulize Jawahir mwenye bucha pale Bulapesa. Ila umwahi asubuhi na mapema, maana siku hizi wateja hawampi nafasi hata ya kunywa chai.

Jawahir aliirithi bucha ile kwa babake, marehemu mzee Abdighani, na pamoja nayo akarithi sharti moja. Kila mbuzi aning'inizwe dirishani akiwa na mkia wake, na mkia usikatwe mpaka nyama iishe. Kondoo wa huku mkia wake ni mnene, umejaa mafuta. Wa mbuzi ni mwembamba na umesimama. Mkia ukiwepo, hakuna wa kukuuzia kondoo huku akiapa kuwa ni mbuzi. Mgongoni mwa nyama palikuwa na muhuri wa daktari wa mifugo, na kila asubuhi Jawahir alimwambia mteja mbuzi ametoka wapi na nani amemchinja. Mchinjaji alikuwa kaka yake, Abdisalan, mtu aliyejulikana na mji mzima.

Mbuzi walioupendeza mji kuliko wote walikuwa wa Korbesa, kule Merti. Nyama yao ni tamu mpaka mlaji hujiuma ulimi. Waliletwa na dereva wa lori aitwaye Lobokat, Mturkana mcheshi asiyejua kuzungumza polepole.

Basi akaja Khadar. Alirudi kutoka Nairobi akiwa na friji za vioo, akafungua duka mkabala na bucha ya Jawahir. Nyama yake ilikatwakatwa, ikafungwa kwenye pakiti zinazong'aa, na kila pakiti ikabandikwa lebo yenye picha ya mbuzi anayetabasamu. Chini ya picha paliandikwa: MBUZI WA KORBESA. AMECHINJWA LEO. HALALI. Juu ya mlango kipaza sauti kilirudia maneno hayohayo kutwa nzima. Sijui ni mbuzi gani hutabasamu akienda kuchinjwa, lakini watu walimpenda.

Wateja wakahama. Wengine walivuka barabara wakijifanya hawamwoni Jawahir, na hilo lilimuuma kuliko kukosa mauzo. Alibaki akimfukuzia nzi mbuzi aliyekuwa akining'inia mpaka adhuhuri. Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Mambo yakiendelea hivyo, angefunga bucha ya babake kabla ya mwezi kuandama.

"Mama, hata sisi tuweke lebo," bintiye Fahmo alimsihi. "Watu wa siku hizi wanataka kusoma."

"Lebo yangu ni huo mkia," Jawahir akajibu.

Kana kwamba hayo hayakutosha, mvua kubwa ikanyesha na barabara ya Merti ikakatika. Lori la Lobokat halikuonekana, na simu yake haikupatikana. Jawahir akawa ananunua mbuzi wa Gotu, huku karibu. Ni mbuzi wazuri, lakini hawana jina.

Alhamisi moja, mteja wake wa miaka mingi, Akolong, dadake Lobokat, aliingia akiwa na furaha isiyofichika. Binti yake Akuam alikuwa akiolewa Jumamosi.

"Mama Fahmo, habari ya leo? Nataka mbuzi ya harusi, na iwe ya Korbesa. Majirani wote Waislamu wanakuja. Mimi sitaki mtu aguse sahani yangu na wasiwasi."

Moyo wa Jawahir ukaruka. Kazi ile ingemwinua! Katika mji huu, jirani wa dini nyingine akila chungu chako amekukubali, na bucha inayoaminiwa kwa chungu hicho haiwezi kufungwa. Fahmo akamnong'oneza mamake kwa haraka, "Sema tu ndiyo. Mbuzi ni mbuzi. Nani atajua?"

"Mimi," Jawahir akamjibu, kisha akamgeukia mgeni wake. "Mama Akuam, sitakudanganya. Barabara imekatika. Wa Korbesa sina. Niko na wa Gotu, wazuri sana."

Akolong akakunja uso. "Harusi ya mtoto wangu wa kwanza, unanipea ya Gotu? Na huyu jirani yako anasema anayo, tena ya leo!"

Alivuka barabara. Jawahir alimtazama akiingia kwenye duka la vioo, akajifuta jasho ambalo halikuwa jasho. Siku ile aliichukia ile kweli yake, na hilo hakumwambia mtu.

Jumamosi asubuhi ua wa Akolong ulijaa shangwe. Mafiga yalikuwa yamepangwa, vitunguu vinaliza watu, wasichana wanaimba. Mkuu wa vyungu alikuwa Fathia, jirani Mwislamu ambaye hakuna pilau ya Bulapesa iliyopikwa bila yeye kuionja. Mara pikapu ya Khadar ikaingia, kipaza sauti kikiwa juu yake: "Mbuzi wa Korbesa! Amechinjwa leo! Halali!" Khadar mwenyewe alishuka akigawa pakiti kwa tabasamu pana kama la mbuzi wake.

Hapohapo lori likaunguruma langoni. Lilikuwa limepakwa tope mpaka kwenye vioo, na nyuma yake mbuzi walikuwa wakilia kwa sauti iliyokishinda kipaza sauti. Lobokat akaruka chini, naye ana tope mpaka kwenye nyusi.

"Dada, nimefika! Nilidhani harusi itanipita! Wiki mzima tumekwama kwa matope. Hakuna gari ilikuwa inapita, hata pikipiki!"

Kipaza sauti nacho hakikuwa na adabu ya kunyamaza. "Mbuzi wa Korbesa! Amechinjwa leo!"

Lobokat akageuza kichwa. Akachukua pakiti moja, akaitazama juu na chini, kisha akaangua kicheko.

"Ya Korbesa? Mbuzi yote ya Korbesa iko hapa kwa lori yangu! Si unaisikia ikilia? Sasa hii ya kwako ilikuja na ndege?"

Nyimbo zikakatika. Fathia aliweka kisu chini, akamsogelea Khadar.

"Warya, we kijana Khadar. Hii 'leo' yenu ni ya lini?"

Khadar akababaika. "Mama, lebo zilichapishwa zamani, kabla ya mvua. Ni nyama nzuri tu, nilinunua kwa mtu wa kuuzia maduka."

"Nani alichinja?"

Khadar akaigeuza pakiti, akaisoma lebo yake mwenyewe. Hakujua. Kipaza sauti kiliendelea kumwapia peke yake.

"Kama mmetudanganya kwa mbuzi," Fathia akasema, "nani atatuapia kwa kisu kilichomchinja? Mama Akuam, unisamehe. Hii sitapika, na mimi sitakula."

Wenzake wakaweka visu chini mmoja baada ya mwingine. Akolong alipigwa na butwaa. Wageni walikuwa wanakuja, moto unawaka, na chungu hakina kitu! Alijifunga kanga kiunoni, akatoka mbio, naye ni mama wa bibi harusi, mpaka kwa Jawahir, lori la Lobokat likimfuata nyuma.

"Mama Fahmo," alisema akihema, "uliniambia ukweli, mimi nikakasirika. Nimekuja na aibu yangu mkononi."

Jawahir alikuwa na mengi ya kusema, na haki ya kuyasema alikuwa nayo. Lakini alisikia mbuzi wakilia kwenye lori nje, akajikuta anacheka.

"Aibu utaniletea kesho, dada. Leo niambie tu kama maji yameshachemka. Fahmo! Mwite mjomba wako!"

Loo, Bulapesa haijawahi kuona asubuhi ya namna ile! Lori likaelekea machinjioni likipiga honi, Abdisalan akiwa amesimama nyuma katikati ya mbuzi, kofia kaishika isipeperuke. Daktari wa mifugo alikuwa anafunga mlango aende zake. Jawahir akamzibia njia mpaka akarudi ndani akicheka. Abdisalan akatamka jina la Mungu, akachinja. Mihuri ikagongwa. Nyama ikaingia uani kwa Akolong ikiwa nzima, mikia imesimama, na wanawake wakapasua anga kwa vigelegele. Fathia alikagua mkia wa kwanza kwa kidole, ingawa hakukuwa na haja, kisha akapaza sauti:

"Bismillahi! Leteni vitunguu!"

Wageni walipofika, pilau ilikuwa inatoa mvuke. Wenye kofia na wenye misalaba shingoni walikaa mkeka mmoja, na hakuna aliyeuliza nyama imetoka wapi. Akolong alizunguka akiwahesabu kwa macho wanaokula, machozi yanamtoka, na hakujisumbua kuyaficha.

Jumatatu Khadar alizibandua lebo zake mwenyewe, akakizima kipaza sauti. Ng'ambo ya barabara, foleni ya wateja wa Jawahir ilikuwa imepita usawa wa duka lake. Mbuzi wa Korbesa walikuwa wameishia harusini na Lobokat alikuwa bado anasafisha tope la lori, kwa hiyo Jawahir alitoka mlangoni, akasema kama alivyozoea, bila kupandisha sauti:

"Salaam aleikum. Leo sina wa Korbesa. Ni wa Gotu, amechinjwa na Abdisalan."

Hakuna aliyevuka barabara. Akolong, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, alinyoosha kikapu chake akasema, "Nipimie hiyo ya Gotu, Mama Fahmo." Ama kweli, chema chajiuza, kibaya chajitembeza.