Mbuzi wa Shukrani wa Mhina

Hapo zamani, na wala si ile zamani ya mababu, kiwanda cha magunia kilifungwa, na Mhina akarudi nyumbani na kiinua mgongo chake mfukoni.

Mhina alikuwa mtu wa watu. Na kwao, jamani, mtu hapimwi kwa nguo, hupimwa kwa mchango wa harusi. Basi jamaa hana kazi, lakini kadi ya mchango ikija anaipokea kwa mikono miwili na kuahidi fungu nono, asije akachekwa. Aibu ilimkaba kuliko njaa.

Mkewe, Mwantumu, akaona hapa tutakwisha. Akambembeleza mpaka akazipata zile pesa, akalipa kodi ya nyumba, akanunua mahindi na kunde, zilizobaki akazitia kwenye kibubu na kukipigilia misumari. "Baba Chiku, hiki hakivunjwi ila kwa kodi." Wakala makande mchana, makande usiku. Mwanamke yule! Nyama walikuwa wanaisikia harufu tu kwa jirani, lakini hakuna mtoto aliyelala na njaa.

Mhina akaendelea kuahidi. Ndipo shangazi yake, Bi Nambua, akasimama katikati ya kikao cha harusi: "Mfuteni huyu! Hana kazi, hana kitu, anawadanganya."

Lo! Mhina alitamani ardhi ipasuke. Alitoka mbio, viatu akaviacha mlangoni. Mwanakamati mmoja akamfuata navyo mkononi. "Kumbe huna kazi? Mbona hukusema? Ghala letu linatafuta dereva wa mtambo wa kunyanyulia mizigo. Kajifunze, ulete cheti."

Ada itoke wapi? Mhina akakimbilia kibubu. Mwantumu akakikalia. "Ukiikosa hiyo kazi, wanangu walale wapi?" Akaombwa, akagombezwa, hakunyanyuka.

Mhina akaenda kwa rafiki yake Hizza, amenuna. Hizza alikuwa amefikiwa na zamu yake ya upatu, na mabati ya nyumba yake ameshayachagua dukani. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Chukua pesa zote za upatu. Utanirudishia ukipata kazi." Masika yakamkuta Hizza chini ya turubai, anahamisha kitanda kona hii na kona ile.

Mhina akajifunza, akapata cheti, akapata kazi.

Sasa, kwao kuna desturi. Mshahara wa kwanza baada ya dhiki hununua mbuzi, na mbuzi huyo hukabidhiwa mbele ya majirani kwa mtu mmoja tu, yule aliyekutoa shimoni. Hachinjwi wala hagawanywi. Mhina akasimama uani na kamba mkononi, hajui amkabidhi nani, maana wote watatu anawapenda.

Bi Nambua akaanza. "Mwanangu, ungekuwa mpaka leo unaahidi michango kwenye harusi za watu. Nani alikuvua aibu hiyo, na habari ya kazi ikakufuata? Ulininunia, nami nikakubali kununiwa."

Hizza akacheka. "Shangazi, habari ya kazi bila cheti ni habari tu. Mimi nimelowa masika yote, mgongo unaniuma mpaka leo. Kuna mwingine aliyelowa hapa?"

"Pole, shemeji," akasema Mwantumu. "Lakini nyinyi mlitoa mara moja mkaenda zenu. Mimi nimeamka na dhiki na kulala nayo, tena na mume aliyenuna, na mwenye nyumba hajatutolea hata godoro nje. Hicho cheti angekisomea barabarani?"

Majirani wakaguna. Mhina akamtazama huyu, akamtazama yule, machozi yakamlenga, mwanaume mzima. Hakuona wa kumnyima.

Haya, mnaonisikiliza, msinong'one pembeni, semeni kwa sauti. Mmoja alilinda nyumba, mmoja alivunja aibu, mmoja alitoa paa lake. Je, nani alistahili mbuzi wa Mhina?