Blogu ya Isongwa na Gunia la Kwanza

Hapo zamani, si zamani ya fisi kuoa wala ya sungura kuwa hakimu, bali zamani hii ya juzi, simu zilipokuwa zimeingia kila nyumba na watu hawajui waziambie nini, palikuwa na kijiji cha Isongwa kwenye baridi ya Rungwe, na wanawake watatu wenye blogu moja.

Isongwa walilima viazi. Waliviuza kwa gunia, na gunia la Isongwa halikuishia mdomoni. Likijaa, lilishonewa kilemba cha wavu, viazi vikaongezwa, kikashonewa kingine juu yake. Hiyo ndiyo lumbesa. Dalali alilipia gunia moja, akapakia karibu mawili. Kila mtu alijua. Hakuna aliyesema.

Lumbesa hizo zilishonwa na Subilaga. Hakuna aliyemzidi kwa kamba ya katani. Madalali walimwita kwa jina kutoka upande wa pili wa gulio, na wanakijiji, wale wale waliopunjwa, walisimama kutazama kilemba chake kikipanda wakasema, "Huyu anajua." Walijivunia gunia refu. Mwenye gunia fupi alionekana mvivu.

Siku moja Subilaga alishona gunia la mama yake mzazi. Debe la mwisho lililomiminwa lilikuwa la kula nyumbani. Mama yake alilitazama likiingia. Subilaga akalishona. Lakini jioni ile alipanda hadi kwenye josho la zamani la ng'ombe, mahali pekee mtandao uliposhika, akafungua blogu.

Kufungua kulikuwa rahisi. Kuandika ndiko kulikomkwamisha.

"Mimi ni darasa la saba," alimwambia rafiki yake Tumpe. "Watacheka."

"Watacheka nini? Kiswahili au viazi?"

"Vyote."

"Basi andika viazi. Kiswahili kitafuata."

Akaandika viazi. Akaandika kwamba gunia la Isongwa lina kilemba, na kilemba hakilipiwi. Akaandika jinsi kinavyoshonwa, maana hilo alilijua kuliko mtu yeyote. Jina lake hakuliweka. Watu wakasoma, wakatumiana, na chini ya habari mmoja wao akaacha maoni: "Mwulizeni mwandishi, vilemba hivyo anashona nani?"

Subilaga aliyasoma maoni hayo akiwa amesimama, akakaa chini. Aliyeyaandika alikuwa amemtambua.

Gulio lililofuata, dalali Mwaisumbe, mwenye lori, alizungumza kwa sauti ya kusikika hadi kwenye mabanda ya nyama. "Habari isiyo na mwenyewe ni mbuzi asiye na kamba. Kaiandika nani? Jini?" Watu wakacheka pamoja naye, kwa sababu ndiye aliyekuwa akinunua.

Tumpe hakucheka. Alimvuta Subilaga kando. "Weka jina langu."

"Una wazimu, wewe?"

"Jini hana gunia. Mimi ninalo. Nipige picha."

Akasimama kando ya gunia lake, nalo likampita kwa kichwa kizima. Subilaga akapiga picha, na chini yake Tumpe akaandika mwenyewe: "Mimi ni Tumpe Mwalyego wa Isongwa. Gunia hili ni langu. Nimelipwa nusu yake." Hayo ndiyo maneno yote aliyowahi kuandika kwenye blogu ile.

Madalali hawakubishana naye. Waliiruka nyumba yake. Walinunua kwa jirani wa kushoto, wakanunua kwa jirani wa kulia. Viazi vya Tumpe vikageuka kijani ghalani, vikachipua, wakapewa nguruwe.

"Haya, jina lako limeenea," mumewe akamwambia. "Tule jina?"

"Kula. Ni lako pia."

Subilaga aliona ghala lile, na hofu ikamshika upya. Mara ya kwanza aliogopa kuchekwa. Mara hii aliogopa njaa. Akaenda kwa Lugano, mjane aliyelima viazi kama wengine na kuuza chai na mihogo gulioni, akampa neno la siri la blogu. "Chukua, dada. Ukitaka, ifute." Gulio lililofuata alikuwa amekaa tena na kamba yake, akimshonea Mwaisumbe. Hakuna aliyemcheka. Afadhali wangemcheka.

Lugano hakuifuta. Kila siku ya gulio, akishaosha vikombe, alipanda joshoni. Hakuwa na hoja ya kutoa. Aliandika habari ya mvua ya mawe. Aliandika habari ya mbuzi aliyekula kadi ya mwaliko wa harusi, na mwenye mbuzi akakataa kwenda harusini kwa kuwa hakualikwa. Na kila alichoandika kilimalizika kwa mstari mmoja: "Leo gunia la Isongwa limefika kifuani kwa mwanamume." Gulio lingine: "Leo gunia la Isongwa limefika begani kwa mwanamume." Gulio lingine: "Leo gunia la Isongwa limefika masikioni kwa mwanamume."

Hakuna aliyesoma. Watoto walimwimba njiani: mama chai anaongea na josho.

"Unamwandikia nani?" Subilaga alimwuliza siku moja, akinywa chai.

"Ninaandika tu."

"Hakuna anayesoma."

"Wewe umejuaje, kama husomi?"

Subilaga akamaliza chai yake, akarudi kwenye kamba.

Msimu ukaisha, mwingine ukaingia. Huko mjini, bwana mmoja aliyeshughulika na vipimo akakutana na picha ya Tumpe. Kutoka kwenye picha akarudi nyuma, akasoma maneno ya Subilaga. Kisha akasonga mbele, akasoma mistari ya Lugano, gulio baada ya gulio, hadi ya juzi. Akaja Isongwa bila kubisha hodi, na futi ya kupimia mkononi. Gunia lilikuwa masikioni, kama lilivyoandikwa.

Ndipo mizani ikaletwa gulioni, na amri ikatoka: hakuna gunia litakalopanda lori bila kupimwa.

Isongwa wana desturi. Jambo jipya haliwi halali mpaka mtu mmoja alianze, na wote wajue ni nani. Kisima kina mnywaji wake wa kwanza, njia ina mpitaji wake wa kwanza, na jina hilo halisahauliki. Wakakubaliana kwamba gunia la kwanza kwenye mizani liwe la mwenye blogu. Mama Mwenyekiti wa kijiji akasimama, akasema, "Mwenye blogu alete gunia."

Yakaja magunia matatu.

Watu wakaangua kicheko. Mwaisumbe akapata nafasi yake. "Mnaona? Hata mwenyewe hajulikani. Mama Mwenyekiti, lori langu halilali hapa. Leo tupakie kama zamani. Mizani itaanza wiki ijayo."

Kila mtu alijua kwamba mizani itakayoanza wiki ijayo haitaanza.

"Semeni," Mama Mwenyekiti akawaambia wale watatu. "Tena upesi."

Tumpe akatangulia. "Maneno yalikuwepo, yakachekwa. Yaliacha kuchekwa yalipopata sura, na sura ni yangu. Hawa wawili waliuza viazi vyao msimu ule. Mimi nililisha nguruwe. Kama kuna mwingine aliyelipia blogu hii, ajitokeze nilione ghala lake."

"Pole kwa viazi, mdogo wangu," Lugano akasema. "Lakini picha ni siku moja. Ulikuwa shujaa siku moja. Mimi nimekuwa mjinga kila gulio."

"Wewe ulihatarisha nini? Majani ya chai?"

"Nilihatarisha akili yangu. Jaribu wewe kuongea peke yako msimu mzima. Niliogopa kuishiwa la kusema, ndiyo maana niliandika hadi mbuzi. Yule bwana kilichomleta si picha. Picha ya mwaka jana ni ya mwaka jana. Kilichomleta ni kwamba ya juzi ilikuwepo."

Watu wakamwitikia Tumpe, wakamwitikia Lugano. Kisha wakamgeukia Subilaga, na hapakuwa na mwitikio wowote. Alijua walichokuwa wakikiona: mshonaji wa Mwaisumbe. Alijua pia kwamba asiposema leo, atakufa akiitwa hivyo.

"Mimi ndiye niliyeanza," akasema.

"Ukakimbia," Tumpe akamkata. "Ukarudi kushona."

"Nilirudi, sikatai. Lakini tulia nikwambie. Wewe uliwasema madalali. Lugano aliyasema magunia. Mimi nilijisema mwenyewe. Mkono nilioandika habari zake ni huu. Na kabla sijaandika, nyinyi nyote mlikuwa mnafanya nini? Mlikuwa mnanisifu." Akawatazama. "Kila mtu hapa alikuwa na simu. Josho lilikuwa la wote. Mbona hamkupanda?"

Hata waliomchukia walitazama chini.

Mwaisumbe akampungia mkono dereva, lori likawashwa. "Wamama wakigombana, viazi vinaoza. Vijana, pakieni."

Subilaga akakaa juu ya gunia lake, mbele ya gurudumu. Tumpe akamtazama kidogo, akavuta lake, akakaa kando yake. Lugano akafunga kanga vizuri, naye akakaa.

"Hakuna anayepakia," Subilaga akasema. "Tutabishana mpaka kesho, ikibidi. Lakini tunabishania nani atangulie kwenye mizani. Kama mizani ianze au isianze, hilo halibishaniwi tena."

Dereva akamtazama bosi wake, akawatazama wanawake, akazima lori.

Wakabaki pale juu ya magunia yao, hakuna aliyemwachia mwenzake. Mama Mwenyekiti akashindwa kukata shauri, akasema aulizwe anayesikia habari hii, popote alipo.

Basi mmeulizwa, na lori limezimwa likiwangoja nyinyi. Yupo aliyeanza akiwa mwenye hatia, kisha akakimbia. Yupo aliyejitaja akala hasara, wala hakuandika tena. Yupo aliyeendelea bila msomaji, kwenye blogu isiyo na jina lake, katika njia iliyofunguliwa na wengine. Je, gunia la nani litangulie?