Kwa Nini Mjusi wa Mtini Hutambulikana kwa Koo Lake

Zamani hizo hakuna aliyejua mijusi wadogo wa mitini wana nini chini ya kidevu. Ukimwona mmoja umewaona wote: mgongo wa kijivu, mistari miwili iliyofifia, basi. Hata hivyo walikuwa mbari tatu, na wenyewe hawakuchanganyana. Mbari ya kwanza ilikaa kwenye mkwaju uliounguzwa na radi, ya pili kwenye mkuyu wenye utomvu mweupe, ya tatu kwenye mgunga utoao gundi ya manjano. Bibi yetu alipotusimulia alianza na mkwaju, nasi hatujabadili.

Mtawala wao alikuwa Kenge. Amri yake ilikuwa kwamba apitapo, kila mjusi ashuke, alaze kidevu ardhini, asikiinue mpaka ncha ya mkia wake imekwisha kupita. Na mkia wa Kenge ni mrefu. Kwa hiyo aliwajua raia wake kwa migongo tu.

Kenge alijitwalia gundi yote ya mgunga. Asubuhi moja akakuta imelambwa, akamtuma askari wake, Guruguru wa mashimoni, aliyefanana naye ila kwa udogo, amlete mwizi. Jua lilikuwa kali. Guruguru hakufika hata kwenye mgunga. Alimkamata wa kwanza aliyekutana naye njiani. Huyo alikuwa Mwero, kijana wa mkwaju, ambaye hakuwahi kuonja gundi maishani mwake. Ikatangazwa kwamba adhuhuri Kenge angemmeza mbele ya wote.

Dada yake, Mbeyu, alimkimbilia Guruguru.

"Huyo ni wa mkwaju. Gundi hulambwa na wa mgunga."

"Mjusi ni mjusi," Guruguru alijibu, akitafuna panzi. "Akiliwa huyu au yule, tofauti iko wapi?"

"Basi nawe nikuite kenge aliyedumaa?"

Guruguru akaacha kutafuna.

Baba yao alimsihi Mbeyu anyamaze. "Mwanangu, shingo iliyoinuka ndiyo hufyekwa."

"Na iliyolala hukanyagwa, baba. Leo imekanyagwa ya Mwero."

Adhuhuri ilipofika, Kenge alisimama uwanjani, mguu wake mmoja juu ya Mwero. Mbari zote tatu zilikuwa zimelaza videvu. Mbeyu akainua kichwa, akakiinua mpaka koo lote likaonekana. Lilikuwa jeusi tititi, kwa miaka aliyolala juu ya gome lililoungua.

"Tazama, bwana. Haya ni masizi ya mkwaju. Mgeuze na ndugu yangu umwone. Gundi iko wapi?"

"Laza kidevu!"

"Silazi."

Baba yake alikuwa wa pili kuinuka, polepole. Kisha wakainuka wa mkwaju wote. Kisha wa mkuyu, makoo yao meupe kama tui. Wa mgunga peke yao walibaki chini, mpaka mkongwe wao, Bibi Kadzo, alipoinua koo la manjano kama kiini cha yai.

"Niliyelamba ni mimi. Nimezaliwa juu ya mgunga ule, na mama yangu vilevile. Wewe Kenge uliumwagilia maji lini?"

Mjusi mmoja akacheka. Kenge hakuwahi kuchekwa. Akauinua mguu ampige Bibi Kadzo, na papo hapo Mwero akachomoka. Kufumba na kufumbua mijusi wote walikuwa mitini, kwenye vitawi vyembamba visivyoweza kumbeba Kenge. Na Bibi Kadzo, pamoja na uzee wake, ndiye aliyetangulia. Kenge akaparura magome, akaamuru, akatisha. Hakuna aliyeshuka. Walikaa vichwa juu hadi jua likatua, na jua hilo likazikausha zile rangi zikawa ngozi. Watoto wao walianguliwa nazo.

Wako wanaosimulia kwamba Kenge alisamehe. Hakusamehe, wala hakuna aliyemwomba.

Tangu adhuhuri hiyo, mjusi wa mtini hamlazii mtu kidevu. Msogelee atakuinulia kichwa, akitikise, akutazame usoni. Mgongo wake hautakwambia kitu. Ukitaka kujua ni wa mbari ipi, huna budi kuinama wewe.